Tochi za Fundi Mwewe

Walianza kumwita Mwewe mwaka ule ule alioanza kazi. Alisimama chini kabisa ya shimo la lifti, akainua uso gizani, akamwambia fundi mkuu kwamba kule juu, karibu na dari, kuna nati imelegea. Fundi mkuu akapanda akiguna, akijua anajichosha bure, akaikuta nati imelegea kweli. Aliposhuka akasema, "Huyu si mtu, huyu ni mwewe." Jina likamganda kama grisi. Mkewe alimkuta nalo, watoto walizaliwa wakalikuta, na kuna karani wa mishahara aliwahi kuliandika hivyo hivyo, benki wakagoma.

Kazi ya fundi wa lifti watu hawaioni. Mtu anabonyeza kitufe, mlango unafunguka, anaingia akitazama simu yake, anatokea ghorofa anayoitaka. Haimpitikii kwamba juu ya kile chumba kidogo kinachombeba kuna shimo refu sawa na jengo lenyewe, jeusi mchana kutwa, na kwamba humo mna kamba za chuma, na reli mbili zinazokiongoza chumba kisiyumbe, na mabano yanayozishikilia reli hizo ukutani kwa bolti. Bolti hulegea. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuzitazama, na kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Mwewe, yeye na tochi yake.

Sasa tochi ikaanza kumwangusha.

Ilianza kidogo kidogo. Asubuhi moja alikuwa amesimama juu ya paa la chumba cha lifti, katika jengo refu la ofisi na nyumba za kupanga ambalo kampuni yao ilikuwa ikilihudumia. Akamulika juu, akaona mwanga umefika nusu ya njia kisha ukakata tamaa. Akaigonga tochi kwenye paja. Akabadilisha betri. Mwanga ukabaki ule ule, kama unapita kwenye moshi.

"Tochi hii imechoka," akasema.

Mwenzake alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, aliyeitwa Kimbaumbau, na siku hiyo alikuwa ameinama akifuta vumbi kwenye waya za mlango. Akainua kichwa. "Betri si uliweka jana, kaka?"

"Betri za siku hizi unazijua mwenyewe."

Kimbaumbau akarudi kwenye vumbi lake.

Zamani lisingekuwa jambo. Wangepanda na lifti polepole, ghorofa kwa ghorofa, wakishika kila bolti kwa mkono. Lakini swichi ya kuiendesha lifti polepole mtu akiwa juu ya paa lake ilikuwa imekufa, kipuri kilikuwa kimeagizwa, na msimamizi wa jengo hakutaka kusikia habari ya kuisimamisha lifti wapangaji wakaja kumlilia yeye. Ikabidi wasimame mahali pamoja, wamulike, watazame. Tochi ndiyo ikawa mkono wao. Mkono nao ulikuwa umeanza kufa ganzi.

Jumamosi akaenda mtaa wa vifaa vya umeme. Alijua anachokitaka. Iwe ndogo ya kuingia mfuko wa shati, maana ndani ya shimo la lifti kitu kikikuponyoka hakianguki tu, kinaua, na chini yako yupo mwenzako. Iwe inamulika mbali. Ndogo na ya mbali, mambo hayo mawili hayapendi kukaa nyumba moja. Na juu ya hayo iwe ya bei ya mtu mwenye binti chuoni.

Wauzaji wakamtolea kila walichonacho. Kulikuwa na moja nene kama mchi, ya kumpigia mtu kuliko ya kumulikia. Kulikuwa na ya kuvuta shingo, ambayo ukiivuta inatupa kipande cha mwanga cha mraba ukutani, kizuri kama dirisha, lakini ukirudi nyuma kidogo dirisha linafifia. Kulikuwa na nyingine ambayo boksi lake lilijisifu kwamba inafika kilima cha pili.

"Hii inafika kweli?" akauliza.

"Mzee, boksi limeandika."

"Boksi halina aibu."

Hata hivyo akainunua, kwa sababu moyo ulikuwa umeshapaparika na hakutaka kurudi nyumbani mikono mitupu. Sebuleni iliwaka mpaka mkewe akafunika uso kwa kitambaa alichokuwa akikishona. Ndani ya shimo ikamwagika miguuni pake kama maziwa na kule juu ikaacha giza kama ilivyolikuta. Rahisi huishia ghali, alijisemea.

Ndipo Kimbaumbau akamwelekeza kwa Mama Risasi. Jina hilo liliwatisha wageni, lakini mama mwenyewe alikuwa mpole, na risasi yake ilikuwa ile ya kuunganishia nyaya. Alikuwa na kibanda mwishoni mwa mtaa, akitengeneza redio na simu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Aliichukua ile tochi ya boksi lisilo na aibu, akaifungua kichwa, akachungulia, akaifunga.

"Fundi, wewe umenunua wingi wa mwanga. Wingi ni kitu kimoja na kufika mbali ni kitu kingine. Umewahi kumwagilia bustani kwa mpira?"

"Nimemwagilia."

"Ukiuacha mdomo wazi maji yanakulowesha miguu. Ukiubana kwa kidole, maji yale yale yanaruka ukuta. Basi na tochi ndivyo. Tafuta punje ya taa iliyo ndogo, uikalishe katikati kabisa ya kikombe chenye kina, kikombe laini kisicho na vipele. Hayo mengine ni maneno ya wachuuzi."

Akavuta droo iliyojaa tochi zilizokufa, akazipekua kama mtu anayechagua mchele, akatoa moja fupi, nene kidogo kichwani, imechubuka rangi. Kikombe chake cha ndani kilikuwa na kina na kilimeta kama kijiko kipya.

"Hii mwenyewe aliitupa akasema imekufa. Haijafa, imezimia. Ukiiamsha vizuri utanishukuru."

Akamwonyesha namna ya kuiamsha. Atoe plastiki ya mbele iliyochubuka, aweke kioo chenyewe. Springi ya nyuma, ambayo umeme hupita kwa shida, aichomee juu yake kipande cha waya wa shaba, umeme upite njia fupi. Na kama bado hajaridhika, kuna jambo la mwisho, la watu wenye mkono mtulivu: juu ya ile punje ya taa kuna kifuniko laini kama tone la maji. Ukikikata kwa wembe, mwanga unatoka mdogo zaidi na mkali zaidi, una umanjano kidogo, lakini unakwenda mbali. Ukikata chini mno, umeua.

Mwewe akaondoka na tochi na punje mbili za akiba, amezifunga kwenye karatasi.

Kuanzia hapo meza ya chakula haikuwa tena ya chakula. Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na alikuwa amezoea vitu vidogo vidogo nyumbani, alivumilia waya, akavumilia harufu ya risasi iliyoyeyuka, lakini alipokuta springi ndani ya kikombe chake cha chai akaketi mbele ya mumewe.

"Baba watoto, hii ni meza au karakana?"

"Namalizia."

"Jana pia ulikuwa unamalizia. Basi hebu nitungie sindano hii kwanza."

Tangu walipooana, kutunga sindano ilikuwa kazi ya Mwewe. Mkewe alikuwa akimnyooshea sindano na uzi bila hata kumtazama, naye akiurudisha umeshapita. Siku hiyo aliipokea sindano, akaisogeza kwenye taa, akaona taa imejivika duara kubwa la rangi rangi, na ndani ya duara sindano haimo. Akairudisha mezani.

"Nikimaliza," akasema.

Mkewe akaivuta sindano kwake. Akachukua uzi, akaulowesha mdomoni, akaanza kuhangaika nao mwenyewe.

Punje ya kwanza Mwewe aliiua. Wembe ulizama, cheche ndogo ikaonekana, basi. Ya pili aliikata akiwa amefumba macho, kwa kidole, kwa sababu aligundua kwamba akitazama mkono unatetemeka na akipapasa mkono unatulia. Hilo lingetosha kumwambia kitu. Lakini mtu asiyetaka kusikia, hata ngoma ikipigwa sikioni atauliza ni nani anayetwanga.

Na alikuwa na sababu ya kutotaka kusikia. Mama yake mzazi macho yalimgeuka maziwa. Watu wakasema ni uzee, wakamwachia uzee wake. Mwewe alikuwa ndiye anayemshika mkono kumtoa uani na kumrudisha ndani, na alikumbuka jinsi mama alivyokuwa akigeuza uso kufuata sauti, daima akichelewa kidogo, akitabasamia ukuta. Alikufa bila kumwona mjukuu wake hata mmoja. Kwa hiyo lile duara la rangi kwenye taa Mwewe alilijua ni nini, kama mtu anavyojua aliyepiga hodi ni mdai kabla hajafungua mlango. Akajitia hamnazo, akaendelea kutengeneza tochi.

Alirudi kwa Mama Risasi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama alimpeleka kwenye uchochoro mrefu wa nyuma ya maduka, ambao mabati yalikuwa yameufunika ukawa na giza hata saa za mchana, akamulika mwisho wake. "Tazama, inasoma mpaka namba za mita ya umeme."

"Bado," Mwewe akasema.

"Bado nini?"

"Haijabana vizuri. Mwanga unatawanyika. Kuna kama pamba."

Mama Risasi akavaa miwani yake, akatazama mwisho wa uchochoro, kisha akamtazama yeye, muda mrefu kidogo kuliko adabu. "Fundi," akasema polepole, "mimi hapa sina tena cha kuongeza."

Mwewe akashukuru, akaondoka upesi, akajikwaa kwenye ngazi ya kibanda.

Jumatano wakaenda kukagua lile jengo refu. Kimbaumbau alishuka chini ya shimo kusafisha maji yaliyokuwa yamevuja, Mwewe akabaki juu ya paa la lifti na tochi yake iliyokatwa kwa wembe. Akamulika juu. Akaona mng'ao mweupe na ndani yake michirizi myeusi. Michirizi ilikuwa reli, hilo alilijua kwa sababu reli zilikuwa hapo miaka yote. Mabano yalikuwa mahali pa mabano. Akasogeza mwanga taratibu, bano hadi bano, kama alivyofanya maisha yake yote, na kila mahali alipotegemea bolti, aliweka bolti kichwani mwake.

"Vipi huko juu?" Kimbaumbau akapaza sauti kutoka chini.

"Bolti zote zipo."

Sauti ikashuka shimoni, ikagonga kuta, ikamrudia. Ilimrudia tena njiani akienda nyumbani, na ikamrudia akinawa mikono. Bolti zote zipo. Akajiambia kwamba zipo, zitakwenda wapi.

Ijumaa ya wiki ile binti yake akaja nyumbani kutoka chuoni, akisema ni likizo fupi. Jioni, jua lilipokuwa limetua na giza bado jepesi, Mwewe alichukua tochi akasema anakwenda kuijaribu uwanja wa shule. Mkewe, akiwa jikoni, alimwambia binti kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nenda na baba yako. Njia ina mashimo." Binti akamtazama mama yake, akavaa ndala, akafuata.

Uwanja ulikuwa mtupu. Mwishoni mwake, mbali, kulikuwa na tangi la maji juu ya mnara. Mwewe akasimama kwenye goli la upande wa huku, akawasha. Mbele ya mkono wake ukazuka mpira mweupe wa mwanga, mzito kama pamba iliyochambuliwa, na nyuma ya pamba hapakuwa na kitu.

"Unaona?" akasema kwa uchungu. "Nimebadilisha kioo, nimebadilisha waya, nimekata mpaka kifuniko. Haifiki popote."

"Haifiki wapi, Baba?"

"Popote. Hapo goli la pili haligusi."

Binti alitazama mwisho wa uwanja. Kisha akasema, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa, "Baba, imefika kwenye tangi."

"Tangi lipi?"

"La shule. Lile kule mwisho. Naliona lote. Ngazi yake imeng'oka kipago kimoja, cha pili kutoka juu. Kuna ndege alikuwa amelala ukingoni, umemwamsha. Sasa anatembea."

Mwewe akatazama. Alitazama kwa nguvu zake zote mpaka machozi yakamtoka. "Kuna ukungu," akasema.

"Hakuna ukungu, Baba."

Akaizima tochi. Pikipiki ikapita barabarani. Binti akamshika kiwiko, si kwa kumwongoza, kwa kumshika tu, lakini yeye alikumbuka mkono mwingine na kiwiko kingine. Akaketi kwenye nyasi chini ya mwamba wa goli.

"Tangu lini?" binti akauliza.

"Sijui. Nilidhani tochi."

"Ulidhani?"

Mwewe akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Mama yako anajua?"

"Mama ndiye aliyenipigia simu nije. Likizo yetu bado, Baba."

Angeweza kulia hapo, na labda alikuwa ameshaanza, lakini kitu kingine kikamjia kikasukuma kilio pembeni. Kilimjia kama baridi, kikaanzia kwenye vidole. Kama tochi ilikuwa inafika mbali kiasi hicho, na yeye hakuona hata goli, basi Jumatano aliona nini? Lifti ile ilikuwa ikipanda na kushuka tangu Jumatano, asubuhi hadi usiku, imejaa watu, kwa neno lake.

"Nipigie Kimbaumbau," akasema akiinuka. "Namba siwezi kuisoma. Mwambie aje kwenye lile jengo la wapangaji, sasa hivi. Aje na funguo za shimo."

Walichukua teksi. Njiani Mwewe alishika tochi kwa mikono miwili katikati ya magoti. Walipofika, ulikuwa wakati wa watu kurudi kutoka kazini. Ukumbi wa chini ulijaa, na mlango wa lifti ulikuwa ndiyo kwanza unafunga. Mwewe alipiga kelele, "Shukeni," lakini sauti ilimtoka nyembamba kwa kuhema. Kabla mlango haujakutana aliona mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na mtu wa mtungi wa gesi, na vivuli vya watu wengine ambao hakuwatambua. Lifti ikapanda.

Fundi yeyote angetaka kukimbilia umeme akauzima. Lakini ukiuzima lifti ikiwa njiani, unawafungia watu humo humo, palepale penye hatari. Ilibidi kusubiri irudi. Akamweka binti mlangoni.

"Ikishuka ikifunguka, weka mguu. Waliomo watoke, asiingie mtu. Hata akikutukana."

"Sawa, Baba."

Juu ya mlango kulikuwa na namba za mwanga zinazoonyesha lifti ilipo. Yeye aliona doa jekundu likigeuka umbo. "Iko wapi?" akauliza. Binti akamwambia. "Sasa?" Akamwambia tena. Ilisimama ghorofa ya kati, ikakaa. Ikaendelea kupanda. Bano aliloliogopa zaidi lilikuwa la juu kabisa, ambako alikuwa ameweka bolti kichwani kwa sababu hakuona hata michirizi. Akajikuta anasikiliza. Mikwaruzo yote ya lifti hiyo aliijua, na sasa katikati ya kelele za watu alidhani anasikia mgongano mdogo wa chuma kwa chuma, tak, na hakujua kama upo au anautunga kama alivyozitunga bolti.

Msimamizi wa jengo akatokea ofisini kwake, mwanamke wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni. "Fundi, kuna nini? Watu wamechoka, wanataka kupanda kwao."

"Tunaifunga."

"Mnaifunga vipi? Ninyi wenyewe Jumatano mlisema ni nzima."

"Mimi ndiye niliyesema. Nilikosea."

"Umekosea? Na umejuaje ukiwa nyumbani kwako?"

Wapangaji walikuwa wamewazunguka na mifuko yao ya sokoni. Neno la Mwewe lilikuwa dogo na lilikataa kutoka, kama mfupa wa samaki.

"Macho yangu hayaoni," akasema. "Nilisema zipo na sikuziona."

Hakuna aliyecheka, ingawa alikuwa amejiandaa kwa hilo. Msimamizi alimtazama, kisha akawageukia watu wake akasema, "Ngazi zile pale. Aliyechoka apumzike kwanza." Lifti ikashuka. Mlango ukafunguka, binti akaweka mguu, waliokuwamo wakatoka wakishangaa kuona umati unaowatazama kama wasafiri wa mbali. Mwewe akaingia kwenye chumba cha umeme akaizima kwa mkono wake.

Kimbaumbau alifika kwa pikipiki, shati limelowa jasho. Hakuuliza maswali. Akafungua mlango wa shimo, akapanda juu ya paa la lifti, akanyoosha mkono. Mwewe akamkabidhi tochi.

Akamulika. Mwewe alisimama mlangoni mwa shimo, ameshika fremu.

"Bano la kwanza, sawa," Kimbaumbau akasema. "La pili, sawa." Akaendelea hivyo, akipanda kwa macho, na Mwewe akaanza kupata tumaini, la aibu, la mtu anayetaka kuwa alibahatisha. Kisha Kimbaumbau akanyamaza.

"Nini?"

"La juu. Nati haipo. Bolti imetoka nusu, imeinama." Akasogeza mwanga. "Na ya pembeni yake imelegea, naona uwazi. Reli imeanza kutoka."

"Unaona kutoka hapo?"

"Kaka, tochi hii ningesoma nayo gazeti huko juu."

Mwewe akageuka akamwambia binti ampigie simu mkuu wa karakana.

Baadaye, walipokuwa wameketi kwenye ngazi wakimsubiri mkuu wa karakana, Kimbaumbau alisema jambo ambalo lilimuuma Mwewe kuliko bolti. Alisema alikuwa amejua. Kwa muda sasa, kila walipokagua mahali, yeye alikuwa akitafuta kisingizio cha kurudi, nimesahau koleo, nimesahau kofia, akatazama tena kila alichokitazama Mwewe. Jumatano tu hakurudi, kwa sababu maji ya shimoni yalimlowesha na mtoto wake alikuwa na homa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Wewe ndiye uliyenifundisha kuona."

"Ungeniambia hivyo hivyo, kwa mdomo."

"Kweli," Kimbaumbau akasema. "Ningekwambia. Niliogopa." Akavua kofia akaiweka gotini. "Kwa hiyo tulikuwa waoga wawili, na watu wanapanda."

Mkuu wa karakana hakumfukuza. Alimkaripia mbele ya wenzake, akamtoa kwenye mashimo, akamweka mezani kutengeneza mota za milango, kazi ya kupapasa zaidi kuliko kuona, na akamkaripia Kimbaumbau pia. Lile jengo lilikaa bila lifti mpaka kipuri cha swichi kikafika, wapangaji wakanung'unika, wakazoea.

Daktari wa macho alikuwa kijana mwenye sauti ndogo. Alimmulikia kila jicho, akasema ni mtoto wa jicho, kote kulia na kushoto, na kwamba mwanga mkali ndio ulikuwa unazidisha ule weupe, kwa hiyo kila alipoongeza nguvu ya tochi alikuwa anajipofusha zaidi. Akasema hutolewa, huwekwa lenzi ndogo ya bandia, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

"Hutolewa?" Mwewe akauliza.

"Ndiyo, mzee. Ni kazi ya kawaida."

"Hata zamani?"

"Hata zamani, kama mtu amefikishwa."

Mkewe, aliyekuwa ameketi pembeni na mkoba mapajani, alimwona akikunja ngumi na kuzikunjua. Alijua anamhesabia marehemu mama yake miaka ya giza ambayo ingeepukika. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini mama yake hakuficha kitu. Ni wao tu waliomkubalia upofu kama watu wanavyoikubali mvua.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji kwanza. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala, na siku ya kufungua bandeji alimwomba mkewe asimame mbele yake, kama hataona asione peke yake. Bandeji ikatoka. Kitu cha kwanza kumshtua kilikuwa shati la muuguzi, ambalo lilikuwa la buluu. Alikuwa amelidhania la kijivu. Kisha akamwona mkewe.

"Vipi?" mkewe akauliza.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe hujajiona bado." Akageuka upande akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa.

Jicho moja halitoshi kwa shimo la lifti. Mkuu wa karakana alimwambia akimaliza la pili watazungumza, hakuahidi zaidi, na Mwewe hakumbana. Alikubali sharti moja kabla hajaombwa: atakapotazama yeye, atatazama na mwingine, waziwazi, bila koleo la kusahau. Siku nyingine mezani kwake alishtuka katikati ya kazi akiona ule mlango wa lifti unafunga na mtoto mgongoni mwa mama yake, na ilimbidi aweke bisibisi chini.

Asubuhi ya jicho la pili aliketi kwenye benchi la kliniki, amevalishwa joho la kufungia mgongoni. Pembeni yake aliketi bibi mmoja aliyeletwa na mkwewe, mikono imefumbatana, uso umegeukia ukuta.

"Wewe unayeketi hapo," bibi akasema, "umewahi kufanyiwa?"

"Hili la kulia, bibi."

"Linauma?"

"Haliumi. Wanatia dawa, husikii kitu."

"Mbona basi unatetemeka? Benchi lote linacheza."

Mwewe akaitazama miguu yake, akaona ni kweli. "Naogopa tu," akasema.

"Hata mara ya pili?"

"Hata mara ya pili."

Bibi alifikiri kidogo, akamsogelea kwenye benchi mpaka mabega yakagusana, wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipotoka akauliza nani anafuata.